Kungoja Ndoo Iombe Msamaha

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Nikisema hivyo watu hunitazama kichwani kutafuta mvi, halafu hunitazama ninavyotembea, na hapo huelewa kidogo. Goti la kushoto ndilo lililostaafu kwanza. Mimi nimelifuata tu, kwa sababu hatuwezi kuishi mbali.

Madam Karimi, mwenye kundi letu la sarakasi, ndiye aliyeniambia niandike haya kwa ajili yenu, Makena na Murithi, mnaovaa pua nyekundu sasa. Nilimwambia nitakuja Embu niwaeleze kwa mdomo. Akasema, "Mutwiri, wewe ukieleza kwa mdomo tunasikia pumzi tu. Andika." Kwa hivyo naandika. Nilifika darasa la nane, na mkono wangu ni wa polepole. Ukurasa mmoja hunichukua muda wa kumenya debe la viazi. Msitarajie maneno makubwa. Tarajieni ndoo.

Sikuja Embu kuwa klauni. Nilikuja kubeba hema. Binamu yangu alisikia kuna watu wanaotafuta kijana mwenye mgongo mzuri, na mgongo nilikuwa nao, maana kwetu Kibirichia tunalima viazi na magunia hayajibebi. Hema na vifaa vyote viliwekwa kwenye stoo iliyo nyuma ya ofisi za kaunti. Nilipompigia Baba simu nilimwambia nimepata kazi Embu, pale kwenye ofisi za kaunti. Hayakuwa maneno ya uongo. Niliikata tu sentensi kabla haijafika mwisho. Jumapili Baba akawaambia watu wa kanisa kwamba Mutwiri ameajiriwa ofisini. Niliposikia nilitaka kurekebisha, nikaona nitarekebisha wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo ilichukua miaka saba.

Makena anajua kwa nini, lakini Murithi alikulia Nairobi, kwa hivyo nieleze. Kwetu Meru mvulana akishatahiriwa si mtoto tena. Halali karibu na jiko la mama yake, hatumwi ovyo, na wavulana ambao bado hawajaingia rika hawamcheki usoni. Mvulana ambaye bado hajatahiriwa anaitwa kaiji. Mtu mzima ukimwita kaiji, umetafuta vita, na wazee hawatakuuliza ni nani alianza. Baba yangu alinisimamia vizuri, mbuzi akachinjwa, nikatoka mwanaume. Miezi michache baadaye kazi yangu ikawa ni kuanguka mbele ya watoto ili wanicheke. Hiyo ndiyo nusu ya sentensi ambayo haikupita kwenye simu.

Ilianza siku ya tatu. Tulikuwa kwenye uwanja wa shule moja ya msingi nje ya mji wa Embu. Niliambiwa nipeleke ndoo ya maji katikati ya uwanja, kwa vijana waliokuwa wakipandana mabegani, na nipite haraka. Nilipoinua macho nikaona watoto mia na zaidi wamekaa kwenye nyasi wananitazama mimi. Nikayateremsha macho mpaka kwenye vidole vya miguu yangu, na ndiyo sababu sikuiona kamba ya hema. Nilianguka, ndoo ikaanguka, maji yakaniingia masikioni. Nikasimama nimelowa. Sikujua pa kutazama, kwa hivyo nikaitazama ndoo. Nikaiambia, "Pole. Samahani."

Watoto walicheka mpaka mwalimu wao akavua miwani kupangusa macho.

Klauni wa kundi wakati huo alikuwa Mzee Njeru, mtu wa Embu, mwembamba kama fimbo aliyoibeba. Alicheza mwalimu mkuu: koti refu, tai fupi, daftari kubwa la kuandikia wachelewaji. Alinifuata nyuma ya hema.

"Wewe, nani alikufundisha?"

"Kufundishwa nini, Mzee?"

"Kuomba ndoo msamaha."

Nikasema nilianguka tu.

"Kuanguka kila mtu anaanguka. Nyanya yangu alianguka jana na hakuna aliyecheka. Kesho rudia."

"Nirudie kuanguka?"

"Rudia kuomba msamaha. Kuanguka kutakuja kwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoitwa Bwana Ndoo. Watu huniuliza mtu mwenye haya anawezaje kazi hii. Niliwahi kumuuliza Mzee Njeru jambo hilo hilo, akasema mtu asiye na haya akianguka hakuna kinachoharibika, kwa hivyo hakuna cha kuchekwa. "Wewe haya zako zinatosha kundi zima," akasema. "Usizimalize."

Sasa vifaa, kwa sababu najua hamvitunzi. Pua yangu ya kwanza niliikata kutoka kwenye godoro, nikaitia rangi ile nyekundu ya kuwekwa kwenye keki. Ni nzuri siku ya jua. Siku moja mvua ilinyesha tukiwa Runyenjes, rangi ikatiririka mpaka kidevuni, na muuguzi mmoja aliyekuwa amekuja na watoto wake akaruka kamba, akanikalisha chini na kunibana pua kwa dakika kumi. Watoto walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi pia nilianza kudhani. Baada ya hapo nilinunua pua ya mpira.

Rangi nyeupe ya uso tuliitengeneza kwa mafuta ya kupikia, poda ya watoto na unga wa ngano kidogo. Inashika vizuri, lakini jua likiwa kali unanukia chapati na mbwa wanakufuata. Viatu vilishonwa na fundi wa akala, kwa tairi la lori, na hadi leo sijui alitumia lori zima au nusu. Ndoo iwe ya bati. Nimewaona na ile ya plastiki. Plastiki ikianguka inasema "puf" kama mtu anayekubali makosa. Bati inabisha.

Wigi langu la katani lililiwa na mbuzi kule Mikinduri, Meru. Mchunga mbuzi alitaka tumwombe mbuzi radhi, ati ameshiba kitu kibaya.

Mikinduri ndiko nilikojifunza kazi, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Ilikuwa siku ya soko. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo na miraa shavuni, wakinitazama kwa makini kuliko nilivyowahi kutazamwa maishani. Nikaja na ndoo, nikajikwaa kwenye kamba, nikaanguka, nikasimama, nikaiambia ndoo samahani. Hakuna aliyecheka. Mmoja mwenye jaketi la kahawia alitoa kijiti mdomoni.

"Kijana, hiyo ndoo umeishika vibaya."

"Si ndoo," akasema jirani yake. "Ni kamba. Kwani kamba inafanya nini hapo?"

"Nani ameifunga?"

"Hata hajui kufunga. Ona fundo lenyewe."

Waliinuka watatu. Wakafungua kamba ya hema letu, wakabishana, wakaifunga upya upande wa pili, ambako kusema kweli ilikuwa imara zaidi. Halafu yule wa jaketi akanirudishia ndoo mkononi, akanielekeza nishike mpini katikati, akasema, "Sasa pita." Nikapita. Sikuanguka. Walipiga makofi. Makofi makubwa kuliko yote niliyopata katika miaka tisa nilipigiwa kwa kutoanguka.

Nilidhani Mzee Njeru ataniambia nirudi kubeba hema. Badala yake alinikalisha kwenye sanduku la vifaa.

"Umeona? Hawakukasirika. Wamekuhurumia. Ukihurumiwa, mchezo umekufa."

"Embu wanacheka."

"Embu wanakuona mcheshi. Hapa wanaona mwanaume mzima anayeomba msamaha kama mtoto, wanataka kujua ni nani amemharibu." Akaniambia kwamba alipokuwa kijana alifanya kosa hilo hilo kwenye soko moja la Meru. Alianguka, akalia kama mtoto mchanga, akanyonya kidole. Baada ya mchezo wazee wanne walikuja nyuma ya hema kwa adabu kabisa, wakamuuliza rika lake ni gani na wenzake wa rika wako wapi, waje wamchukue. "Nikawaambia mimi ni Mwembu. Wakasema, hata Waembu wana rika. Nilikaa nao saa mbili."

Halafu akanifundisha lile jambo ambalo ndilo kazi yenyewe, na mengine yote ni rangi. Mtoto akianguka huomba msamaha. Mtu mkubwa akianguka hungoja kuombwa. Kwa hivyo unaanguka. Unasimama polepole, kama mtu aliyekuwa na mpango wa kulala hapo. Unaokota kofia. Unaipangusa mara mbili. Halafu unaitazama ndoo, na hufanyi kitu. Unangoja iombe msamaha. Moyoni unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo unageuka. Ukicheka wewe, umeharibu. Ukihesabu mbili, umeharibu. Tatu.

Mchana ule tulicheza tena. Nilianguka, nikapangusa kofia, nikaitazama ndoo. Moja, mbili, tatu. Yule wa jaketi la kahawia alicheka mpaka miraa ikamtoka mdomoni. Akaitafuta chini, akaipangusa, akairudisha, akaendelea kucheka.

Tangu siku hiyo niliweza kufanya kazi popote Meru bila mzee yeyote kuniuliza rika. Lakini nyumbani sikusema. Nilijua tofauti ya kuomba na kungoja, lakini ningemweleza Baba vipi kwa simu kwamba mwanawe anaanguka, ila anaanguka kama mtu mkubwa?

Mwaka wa tatu tukaitwa kwenye kituo kidogo cha televisheni hapo Embu, kwenye kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Kabla ya kukubali nilimtafuta fundi wa mitambo, nikamuuliza matangazo yao yanafika wapi. Alichora kwenye mkono wake kwa kalamu. Embu iko hapa. Kibirichia iko huku upande wa pili. Katikati akachora Mlima Kenya.

"Mlima wote huo," akasema, "matangazo yapite wapi?"

Sijawahi kuupenda mlima ule kama siku ile.

Studio ni mahali pagumu. Hakuna watoto. Kuna taa, kuna mpiga picha ambaye jino linamuuma, kuna mtu anayekwambia rudia. Unaanguka na hakuna sauti inayokwambia umeanguka vizuri. Mzee Njeru alisema nichague mtu mmoja asiyekuwepo, nimwangukie yeye. Sikumwambia nilimchagua nani.

Siku moja mtayarishaji alitaka mchezo wa gunia. Walijaza nyasi kavu kwenye gunia la viazi, nami niliambiwa nilibebe kana kwamba ni zito. Sikujua kuigiza, kwa hivyo nilifanya kama tunavyofanya nyumbani. Nililipiga makofi mawili ubavuni, jinsi unavyompiga ng'ombe asogee, nikatia goti, nikaguna mara moja, likapanda bega la kushoto. Hapo ndipo nikajikwaa kwenye ndoo. Watoto wakatuma ujumbe kwamba wanataka gunia tena. Kila Jumamosi ikawa gunia.

Baada ya kipindi nilipiga simu nyumbani. Mama ndiye aliyeshika kila mara.

"Baba yuko?"

"Ameenda kwa kinyozi."

"Msalimie."

Jumamosi iliyofuata vilevile, na ile nyingine vilevile. Sikufikiria zaidi. Nilikuwa na uchovu, na kusema kweli nilifurahi kwamba hayupo, maana angeniuliza habari za ofisini.

Hayo yakaendelea mpaka mwaka wa saba, asubuhi moja Madam Karimi aliposoma ratiba mbele yetu sote. Alisoma Nkubu, akasoma Timau, akasoma Kibirichia, uwanja wa shule, Alhamisi.

"Madam," nikasema, "mimi naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Bado sijajua."

Walicheka wote. Mzee Njeru peke yake hakucheka. Alikuja kukaa nami kwenye sanduku la vifaa, nikamaliza ile sentensi kwake, yote, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia ninachoogopa si kuchekwa. Ninachoogopa ni Baba kukaa kwenye benchi na wazee wenzake, asikie wavulana wakimcheka mtu ambaye yeye alimfikisha utu uzima mbele ya wazee hao, halafu ainuke aende nyumbani bila kusema neno. Baba si mtu wa maneno. Asingenigombeza. Angenyamaza tu, na mimi ningenyamaza, na sisi wawili tunajua kunyamaza sana. Tungeweza kunyamaza mpaka mmoja wetu azikwe.

"Rangi ni ukuta," akasema Mzee Njeru. "Mama mzazi hawezi kukujua ndani yake. Pita, anguka, ngoja, toka."

Alhamisi ilikuwa baridi ya kwetu, ile inayoingia kwenye koti na kukaa. Nilichungulia kwenye pindo la hema. Kipara cha Baba nilikiona kabla ya uso wake. Kimekuwa hivyo tangu nikiwa darasa la pili, hakina hata unywele wa ushahidi. Alikuwa kwenye benchi la kwanza, kofia magotini, na kando yake Mjomba Ntongai, kaka wa Mama, amejifunga shuka ya mistari. Wavulana walijaa kwenye ua upande wa kulia, wengine wakiwa wamepanda juu yake.

Nikaingia na ndoo. Niliyoyajua yote kwa miaka saba yalibaki nyuma ya hema. Nilianguka kabla ya kufika kwenye kamba, na nikaanguka vibaya, kama gunia lililofunguka. Nikakaa chini. Kofia sikuiokota. Nilitazama benchi la kwanza nikamwona Baba ananitazama, na mdomo wangu ukafanya ulichofanya siku ya tatu ya kazi. Kwa sauti ndogo nikaiambia ndoo, "Samahani." Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, "Samahani sana."

Mvulana mmoja juu ya ua akapaza sauti, "Kaiji!"

Mwingine akadakia. Halafu ua mzima: "Kaiji! Kaiji! Kaiji!"

Wazee kwenye benchi walitazama viatu vyao. Nami nilibaki pale chini, nikijua kabisa kwamba napaswa kusimama.

Baba akainuka. Nikajua anaenda nyumbani.

Baba ni mtu ambaye kanisani akitaka kutoa shukrani huinua kidole na kumwachia Mama aseme. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa ng'ombe. Aliinua kofia yake juu na kupiga kelele, "Nyamazeni!"

Wakanyamaza.

"Huyo si kaiji! Huyo nilimpeleka mimi mwenyewe! Nilisimama pale tangu alfajiri, na kulikuwa na baridi kuliko leo!"

Mwanamume aliyekaa nyuma yake akamvuta koti. "Baba Mutwiri, kwani unamjua huyo?"

"Nitaachaje kumjua? Si ni Mutwiri!"

Mama mmoja mzee akauliza kutoka nyuma kabisa, "Mutwiri wa ofisini?"

"Huyo huyo wa ofisini!"

Nawaambia ukweli, nilitamani ile ndoo ingekuwa kubwa zaidi niingie. Lakini Mzee Njeru alikuwa tayari amefika katikati ya uwanja na koti lake refu na daftari lake la wachelewaji. Alilifungua, akalamba kidole, akamtazama Baba juu ya miwani.

"Mzee, hapa ni shule. Hatuandiki mambo kwa maneno matupu. Una shahidi?"

Mjomba Ntongai akasimama na shuka yake. "Mimi hapa. Nilikuwepo. Na mbuzi nilimla."

"Alikuwa mbuzi wa namna gani?"

"Mgumu kidogo. Lakini tulimmaliza."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka. Wazee walicheka wakishikana mabega. Mama mzee wa nyuma alicheka akalia. Mzee Njeru akaandika daftarini polepole sana, akalifunga, akageukia ndoo na kuinyooshea fimbo.

"Wewe! Umemwangusha mwanaume wa watu mbele ya baba yake. Omba msamaha!"

Wavulana wa juu ya ua, ambao walikuwa wanatafuta njia ya kutoka kwenye makosa yao, waliishika hiyo haraka. "Omba msamaha! Omba msamaha!"

Nikasimama. Nikaokota kofia, nikaipangusa mara mbili, nikaitazama ndoo. Moja. Mbili. Uwanja wa Kibirichia una mteremko, nyote mmeuona. Kabla ya tatu ile ndoo ilianza kubiringika yenyewe, polepole, mpaka ikagonga kiatu changu cha tairi na kutulia.

Sijawahi kupanga kitu kizuri hivyo, na msijaribu kukipanga.

Baada ya mchezo Baba alikuja nyuma ya hema. Nilikuwa najipangusa rangi, nusu ya uso mweupe, nusu ya kawaida. Alisimama akizungusha kofia mikononi.

"Kuna baridi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Nikapangusa paji la uso.

"Baba, umenijua saa ngapi?"

"Leo?" Akafikiri. "Si leo. Nilikujua ile siku ya gunia."

"Gunia la televisheni?"

"Mtu wa televisheni hawezi kulipiga gunia makofi mawili. Na ukaguna. Nikasema, huyo ni wangu."

"Lakini mlima..."

"Mlima gani? Kinyozi ana dishi."

Nilimtazama kichwa. Kilikuwa kinang'aa hata kwenye ukungu.

"Baba, kila Jumamosi ulikuwa kwa kinyozi."

"Ndiyo."

"Miaka minne. Ukinyolewa nini?"

Akafikiri sana kuhusu hilo. "Ndevu," akasema. Ndevu zake zinaweza kuhesabiwa na mtoto wa chekechea.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulisema uko ofisini. Nikaona labda unaona haya. Nikakuachia."

"Na kanisani?"

"Mchungaji aliniuliza ni ofisi gani hiyo. Nikamwambia ni mambo ya siri ya serikali."

"Ukasema hivyo kanisani?"

"Ulitaka nikuumbue?"

Nilijipangusa shavu ambalo lilikuwa limeshakuwa safi. Kisha nikamuuliza lile lililobaki, bila kumtazama, kwa sababu hatutazamani tukiulizana mambo ya namna hiyo. Nilimuuliza kama alikasirika, mimi kuchekwa na watoto.

"Nilikasirika miezi miwili," akasema. "Nilikuwa naenda pale kukasirika. Halafu siku moja ulisimama, ukaitazama ile ndoo, nikacheka, kinyozi akanikata." Akainua kidevu kunionyesha. Kulikuwa na alama ndogo. "Ila leo ulianguka vibaya. Kwa nini uliomba msamaha? Huwa huombi."

"Nilikuona."

"Basi siku nyingine usinione," akasema, akavaa kofia, akaenda kumtafuta Mjomba Ntongai.

Jumamosi iliyofuata nilipiga simu baada ya kipindi. Mama akasema Baba yuko kwa kinyozi. Kisha akasema, "Kwani wewe ulikuwa hujui? Mimi nilidhani mnajuana, mnaona haya tu."

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi. Mzee Njeru alirudi kwake kufuga nyuki, ambao anasema hawacheki lakini wanafika kwa wakati. Goti likaanza kuvimba, na daktari akaniambia nichague kati ya kuanguka na kutembea. Nikawapa nyinyi ndoo. Ina kibonyeo upande mmoja, msikinyooshe, ndicho kinachoifanya ibiringike vizuri.

Sasa niko Kibirichia, navuna viazi polepole kama ninavyoandika. Mwezi uliopita tulikuwa shambani, Baba na mimi tu, Mama ameenda sokoni. Baba alikuwa amebeba debe la viazi vya mbegu begani. Akajikwaa kwenye jiwe. Sijui kama alijikwaa kweli. Jiwe lile amelipita miaka arobaini. Alienda chini taratibu kama mti uliotoa taarifa, debe likalia, viazi vikatawanyika. Nikaanza kuinuka na goti langu. Akaninyooshea kiganja: kaa hapo.

Akasimama bila haraka. Akaokota kofia. Akaipangusa mara mbili. Halafu akaligeukia lile jiwe, akalitazama, akangoja.

Nilihesabu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Moja, mbili, tatu. Hapo ndipo mimi ningegeuka. Yeye hakugeuka. Nne. Ukungu unapita, kunguru mmoja ametua juu ya debe. Tano.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mfereji, na goti likiniuma. Baba hakucheka. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyevuruga jambo muhimu, akaanza kuokota viazi.

Nimekuwa nikiwafundisha tatu. Jaribuni tano.